Mama katoka hospitali na betri ya moyo

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mama, aliyewekewa wiki iliyopita betri ya moyo (pacemaker, kifaa kidogo cha kifuani chenye nyaya za kusaidia moyo kupiga sawasawa), anaweza kupika, kubeba ndoo na kutumia simu.

Kupika apike. Ndoo aiache kwanza. Kwa wiki 4 hadi 6, kama daktari hakusema vingine, mkono wa upande wenye kifaa asiuinue kupita bega wala asibebee kizito, maana nyaya zinahitaji muda kushikamana na moyo. Ila asiufunge kabisa, bega litakakamaa. Mama yangu mdogo aliogopa hata kuchana nywele, tukaishia kwenye mazoezi ya viungo miezi kadhaa.

Simu asikilizie sikio la upande wa pili, na isikae kwenye sidiria (mama zetu na hiyo benki yao!). Iwe angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa.

Kidonda kikivimba au kutoa usaha, akipata homa au akizimia, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Kadi ya kifaa atembee nayo, aionyeshe kabla ya kipimo chochote cha MRI (picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku kali). Kliniki asikose hata akijisikia mzima, huko ndiko betri inakopimwa.