Mdeki wa vipande kwa Winchester za nakala: maswali yenu

Wasomaji wengi wenye bunduki za wenzo, zile zinazokokiwa kwa kushusha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatuo, kama Winchester za kale za Marekani na nakala zake za kisasa, wameniuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mdeki. Kwa asiyelijua neno hili, mdeki ni ule ufito wa kusafishia mtutu, na udugu wake na kudeki sakafu unaonekana wazi. Nimeyachagua maswali yanayowahusu wengi.

Nimenunua nakala ya Winchester 1873 iliyotengenezwa na kampuni ya Uberti ya Italia, ya risasi za .45 Colt, mtutu wa inchi 24 na robo. Naambiwa za zamani zilibeba mdeki wa vipande ndani ya kitako. Je, nitapata wa kuingia kwenye yangu? (Msomaji, Houston)

Uliyoambiwa ni kweli. Bunduki ya Henry ya 1860 ilikuwa na kimlango kwenye bamba la kitako, na nyuma yake tundu la kuhifadhia mdeki uliokatwa vipande. Winchester 1866 na 1873 zikaufuata mpango huo. Mwenye bunduki alikuwa mbali na fundi kwa majuma mengi, na baruti ya siku zile ilichafua mtutu vibaya, kwa hiyo kifaa cha kusafishia kilipaswa kusafiri pamoja na bunduki yenyewe. Winchester 1873 ilitengenezwa kwa takriban miaka 50, zaidi ya bunduki 700,000, na mideki yake mingi ilipotea njiani. Ndiyo maana mdeki halisi wa zamani leo ni mali ya wakusanyaji. Ukiupata, usiutumie kusafishia.

Sasa yako. Nakala zinatofautiana: kuna zenye kimlango na tundu, na kuna zenye bamba zima lisilo na kitu nyuma yake. Ukikuta kimlango, usitoe pesa kabla ya kukifungua na kupima. Chukua kijiti chembamba kilichonyooka, kiingize hadi kigote, weka alama ya kalamu, kisha pima. Pima na upana wa tundu pia, maana vipande hukaa ubavu kwa ubavu.

Hesabu ya urefu ni hii. Inchi 24 na robo ni kama sentimita 61.6. Brashi lazima itokeze nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na mkono wako unahitaji pa kushika mbele ya mdomo wa mtutu. Mimi huhesabu mdeki mzima usiopungua sentimita 72. Ukigawanya kwa vipande vinne, kila kimoja ni sentimita 18, na tundu la kitako liwe na kina kinachozidi hapo kidogo. Likiwa fupi, tafuta wa vipande vitano.

Pa kuulizia ni kwa wauzaji wa vifaa vya bunduki za mitindo ya kale. Dixie Gun Works ya Union City, Tennessee, ni jina ambalo watu wa bunduki hizi wote wanalijua. Muulize muuzaji mambo matatu: urefu wa kila kipande, unene wake, na meno ya skrubu ya kiungio. Akishindwa kukujibu mawili kati ya hayo, nenda kwingine.

Kama kitako hakina tundu, nakusihi usilitoboe mwenyewe. Mbao ya kitako huwa nyembamba inapokaribia kiunzi cha chuma, na keekee ikipinda kidogo umeshaipasua. Shona mfuko wa turubai, vipande vikae humo.

Nimepata mdeki mzuri lakini brashi nilizonazo zinaingia mizunguko miwili tu kisha zinakwama. Nizilazimishe? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Hapana, tafadhali. Hilo ni tatizo la meno, na limewahi kunigharimu. Vifaa vya Marekani kwa bunduki za .22 hadi .45 kwa kawaida hutumia meno yaitwayo 8-32: unene wa milimita 4.17, meno 32 kwa kila inchi. Mideki ya Ulaya mara nyingi huja na meno ya milimita, kwa mfano M4, ambayo unene wake ni milimita 4 na nafasi kati ya jino na jino ni milimita 0.7. Kwa macho ni ndugu. Ukiviunganisha, skrubu ya M4 huingia kwenye tundu la 8-32 kwa mizunguko michache, inashika, nawe unaamini imekaa.

Mimi niliamini. Muuzaji mmoja aliniambia "zote ni sawa", nikakaza kwa koleo, nikasukuma, na kitambaa kikabaki katikati ya mtutu pamoja na ncha ya mdeki. Ilinichukua jioni nzima kukitoa bila kukwaruza chuma. Tangu siku ile kabla ya kununua naomba kujaribu brashi yangu mwenyewe: iingie kwa vidole hadi mwisho bila kulazimishwa. Kama mdeki umeshaununua na meno hayalingani, kuna vibadilishi vidogo vya shaba, au fundi wa chuma anaweza kukuchongea meno mapya.

Shikamoo mzee. Bunduki ya boliti ya mjomba wangu tunaisafisha kutoka nyuma. Kwa nini hii ya wenzo kila mtu anaingizia mdeki mdomoni? (Kijana, Minneapolis)

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote hapa.

Boliti ya mjomba, lile komeo la chuma linalofunga chemba kwa nyuma, inachomolewa, na nyuma panabaki tundu lililonyooka hadi mdomoni. Winchester 1866, 1873, 1892 na 1894, na Henry vilevile, zimezibwa nyuma. Mdeki ulionyooka hauna pa kupita. Marlin 336 ni tofauti: unafungua skrubu moja ya wenzo, boliti inatoka, na unasafisha kutoka nyuma. Nakala ya 1873 haikuruhusu hilo mpaka uifumue yote, na kuifumua kila jioni ni kuiharibu.

Kwa hiyo tunaingilia mdomoni, na hapo ndipo pa hatari. Ukingo wa mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Gesi inatakiwa itoke kuizunguka kwa usawa pande zote. Mdeki ukisugua upande mmoja mwaka baada ya mwaka, ukingo unalika, gesi inasukuma risasi kwa upande, na mwenye bunduki anaanza kulaumu shabaha, kisha risasi, kisha macho yake. Nimeona mtutu ambao ndani ulikuwa unang'aa kama mpya lakini mdomo umekuwa yai.

Mdeki wa vipande una hatari zaidi kwa sababu ya viungio. Pitisha ukucha kwenye kila kiungio: ukikwama, pana ngazi, na ngazi hiyo itakwangua. Isugue kwa msasa laini kabisa hadi ukucha upite. Halafu nunua kiongozi cha mdomo, kile kidude cha shaba chenye umbo la pia ambacho mdeki hupita katikati yake. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na mtutu mpya.

Na kwa kuwa utafanya kazi mikono ikiwa mbele ya mdomo wa bunduki, hakikisha haina risasi kabla ya kugusa kitu kingine. Risasi za bunduki hizi hukaa kwenye bomba refu chini ya mtutu, na moja inaweza kubaki kwenye kipandishio, kile kinachoiinua risasi kutoka bombani hadi usawa wa chemba, bila wewe kuiona. Shusha na kupandisha wenzo mara kadhaa hata baada ya kudhani zimeisha. Chungulia chemba, tia kidole. Wenzo uache wazi muda wote wa kazi, na risasi ziwe chumba kingine.

Shaba, alumini, chuma au mti?

Kwa wa vipande, chuma cha pua kilicholainishwa vizuri, au shaba ya njano ukiwa na mkono mtulivu, maana shaba hupinda. Alumini siipendi: ni laini, punje za mchanga na uchafu hujichimbia ndani yake, na mdeki unageuka tupa. Mti unapendeza kwa macho, lakini ukikatikia ndani utajuta. Wowote utakaochagua, ufute kwa kitambaa kila unapoutoa.

Vipande vinafunguka nikiwa katikati ya kusafisha.

Brashi hufuata mifereji inayozunguka ndani ya mtutu na kuuzungusha mdeki. Kama mpini hauzunguki, kiungio ndicho kitakachofunguka. Tafuta mpini wenye beringi.

Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alisafisha Lee-Enfield yake, bunduki ya boliti ya jeshi, kwa kamba tu. Kwa nini nisifanye hivyo? (Msomaji, Toronto)

Unaweza, na babu alikuwa sahihi. Kamba ile yenye uzito wa shaba ilikaa kwenye kitako cha Lee-Enfield pamoja na kichupa cha mafuta, kwa wazo lilelile la Henry. Kwa 1873, shusha wenzo karibu na mwisho lakini usiumalizie, ili kipandishio kisipande kuziba njia. Dondoshea uzito kwenye chemba, uvute kutoka mdomoni, moja kwa moja, si kwa pembeni, maana kamba yenye mchanga nayo hula ukingo. Uifue mara kwa mara. Ikianza kuchakaa itupe. Kamba iliyokatikia ndani ya mtutu ni shida kuliko kitambaa changu.

Ila kamba haiondoi madini laini ya risasi yaliyoganda kwenye mifereji ya mtutu. Kwa hiyo kazi ya porini iachie kamba au mdeki wa vipande, na nyumbani uwe na mdeki mmoja mrefu usio na kiungio.

Napiga baruti nyeusi kwenye mashindano ya mtindo wa kale. Dawa gani inafaa?

Maji ya moto. Masalia ya baruti nyeusi ni chumvi zinazovuta unyevu hewani, na chumvi huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Igeuze bunduki juu chini, mdomo uelekee chini, ili maji machafu yasiingie kwenye mitambo. Pitisha vitambaa vya maji ya moto hadi kitoke cheupe, kausha, ndipo upake mafuta. Fanya siku hiyohiyo. Mwenye hewa nzito kama ya Houston asingoje hata chakula cha jioni.

Kama bado hujachagua risasi, fikiria .44-40. Ganda lake ni jembamba, hutanuka na kuziba chemba vizuri, na uchafu hubaki mtutuni ambako mdeki unafika. Ganda la .45 Colt ni nene zaidi. Kwa baruti nyeusi gesi hurudi nyuma, nawe utalazimika kuondoa vibamba vya ubavuni na kufuta mitambo mara nyingi zaidi.