Maswali Yenu: Jua la Tanga na Rangi za Vijana

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, rangi yake maji ya kunde. Tangu wenzake shuleni waanze kumtania kwamba amekuwa mkaa, hatoki nje bila sweta, hata joto liwe kali vipi. Ufukwe wa Raskazone hataki hata kuusikia. Juzi nimemkuta anajisugua uso kwa ndimu, na kwenye begi lake mna kikopo cha krimu kisicho na lebo. Nifanyeje?
*Mama, Chumbageni*

JIBU: Pole, mama. Anza na ndimu, maana madhara yake huja upesi. Maji ya ndimu yana kemikali ambayo ikibaki kwenye ngozi halafu ikapigwa na jua, huunguza. Baada ya siku moja au mbili hutokea wekundu au malengelenge, kisha panabaki baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Yaani anachokikimbia ndicho anachojitafutia. Mweleze hivyo hivyo. Kijana wa miaka 15 akipewa sababu huelewa kuliko akifokewa.

Kikopo hicho kinatutia wasiwasi zaidi. Mkorogo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe). Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu juani huweza kuacha weusi wa bluu mashavuni, na kuuondoa ni kazi ngumu mno. Zebaki hudhuru figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikaleta michirizi na chunusi, na aliyeizoea akiacha ghafla uso huwaka na kuvimba. Kwa hiyo msikitupe: mpeleke mapema Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na kikopo chenyewe mkononi, daktari aone na aamue namna ya kuacha. Krimu yoyote yenye onyo kwamba isiguse dhahabu au fedha, ishuku ina zebaki.

Sweta lina wazo zuri ndani yake, kwani nguo ndiyo kinga bora. Ila atatokwa jasho bure. Blauzi nyepesi ya mikono mirefu inatosha, mradi imefumwa kwa kubana: inyanyue mbele ya taa, na ukiiona taa waziwazi, jua nalo linapita. Pamba ikilowa hupitisha zaidi. Hijabu humkinga shingo na masikio, uso unabaki wazi.

Na nyumbani tujisikilize, mama. Mtoto anayesikia kila harusi bibi harusi akisifiwa kwa weupe wake hatakuamini ukimwambia rangi yake ni nzuri.

SWALI: Nina miaka 17, mweusi tii, tunacheza mpira saa saba mchana. Wenzangu wanasema losheni ya jua ni ya Wazungu na wasichana. Kweli inanihusu?
*Kijana, Ngamiani*

JIBU: Inakuhusu, ingawa hatutakutisha. Melanini yako, yaani kinachoipa ngozi rangi, inakukinga kweli: ngozi nyeusi sana hukadiriwa kuwa na kinga ya takriban SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), na saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwa watu weusi. (Mwenye ualbino hayumo katika hesabu hii, yeye anahitaji nguo ndefu, kofia na losheni kila siku.) Lakini ngozi yako nayo huungua, na madoa ya chunusi hukolea juani. Macho hayakingwi na rangi ya ngozi yako: kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho huchangiwa na jua.

Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na jua hufika kileleni karibu saa sita na nusu. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali, hata kukiwa na mawingu. Sogezeni mechi hadi saa kumi na nusu. Hiyo peke yake inapunguza mionzi kwa kiasi kikubwa. Nje ya uwanja vaa kofia yenye ukingo wa sentimita 7 kuzunguka kichwa chote. Kepu huacha masikio na kisogo.

SWALI: Nikipaka losheni ya jua naonekana nimemwagiwa unga, wananicheka. Nikipaka kidogo tu haitoshi? Na itanifanya mweupe?
*Msichana, Pangani*

JIBU: Haitoshi, mwanangu. Ukipaka nusu ya kipimo, kinga hupungua mno kuliko namba iliyoandikwa. Chukua SPF 30 au zaidi, kamua mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati; hiyo ni ya uso na shingo. Paka robo saa kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka baharini.

Unga huo ni zinki au titani, madini yanayozuia jua. Tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia: oksidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Losheni ya jua haikufanyi mweupe. Ikiahidi kukung'arisha, iache dukani. Chupa isikae juani wala ndani ya gari lenye joto, huharibika kabla ya tarehe yake.