Trekta ya Kukata Nyasi Haiendeshwi Kama Gari

Nilifika Ohio, Marekani, nikiwa nimeendesha lori miaka 9, njia ya Mbeya hadi Tunduma naijua usiku na mchana. Kazi yangu ya kwanza Columbus ilikuwa kutunza viwanja vya kanisa. Nikakabidhiwa trekta ya kukata nyasi, nikapanda bila kuuliza neno. Wiki ya pili, asubuhi ya umande, nikipanda mteremko wa nyuma ya jengo, tairi ziliteleza. Nikakanyaga zaidi. Trekta ikaanza kurudi chini yenyewe, ikasimama hatua chache kutoka kwenye kijito. Nimeshawafundisha vijana wetu kadhaa tangu siku hiyo, na karibu wote huja na mazoea yaleyale ya gari.

Anza na kikono chenye picha ya sungura na kobe. Hicho kinaongoza injini tu, mwendo wa trekta hakihusiki nao. Unapokata, kiweke kwenye sungura hadi mwisho, hata kama unataka kwenda polepole. Visu vinategemea kasi ya injini. Ukikata kwenye kobe, nyasi zinachanwa badala ya kukatwa, na kesho yake ncha zimekuwa kahawia. Mwendo uko mguuni. Kwenye mashine za haidrostatiki, yaani zinazoendeshwa kwa shinikizo la mafuta, kuna pedeli ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma, na hakuna gia ya kubadilisha. Ukiachia pedeli taratibu, trekta inapunguza mwendo yenyewe.

Visu vina kitufe chao cha kuvuta, mara nyingi cha njano. Ukirudi nyuma visu vikizunguka, mashine nyingi huzima injini au visu. Si ubovu. Ukiinuka kitini, vilevile. Nimeona watu wakiunganisha waya za swichi ya kiti ili wasisumbuliwe, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu watoto hupenda kuikimbilia trekta kwa nyuma, na dereva hawaoni.

Sasa tairi. Trekta nyingi za nyumbani husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na katikati yake kuna difu, yaani gia zinazoruhusu gurudumu moja kuzunguka haraka kuliko lingine. Difu ndiyo inayokuwezesha kukata kona bila kuchimba nyasi. Lakini gurudumu moja likikosa mshiko, nguvu yote inakimbilia huko, linazunguka bure na lile lililo pakavu linatulia tu. Aliyewahi kukwama kwenye matope ya masika ameliona hili. Ukiongeza mguu, unachimba shimo. Achia pedeli, zima visu, kisha jaribu taratibu sana. Trekta kubwa kidogo huwa na pedeli ya kufunga difu: ikanyage kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure, nenda moja kwa moja, na uiachie kabla ya kukata kona.

Angalia na upepo wa tairi. Tairi za nyuma kwa kawaida hutaka kama psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), za mbele kama 14. Soma kitabu cha mashine yako. Tairi iliyojazwa kama ya gari inagusa ardhi kwa katikati tu. Pakiwa pagumu zaidi, kuna vyuma vya uzito vya kufunga kwenye magurudumu ya nyuma, kama kilo 23 kila upande.

Kwenye mteremko panda na ushuke wima, usikate kwa ubavu. Watengenezaji wengi huweka mwisho kwenye nyuzi 15. Mimi napima kwa ubao wa mita 1: nauegemeza ncha moja kwenye mlima, naulaza usawa usiinamie upande wowote, kisha napima kutoka ncha ya pili hadi chini. Ikizidi sentimita 27, trekta haiingii. Kipimo kingine: jaribu kuupanda kwa kurudi nyuma, visu vikiwa vimezimwa. Ikishindwa, usipakate.

Na kile kikono kidogo cha nyuma kinachoachia giaboksi ili trekta isukumwe kwa mkono, usikiguse ukiwa kwenye mteremko. Ukikivuta, hakuna kinachoizuia kubiringika isipokuwa breki. Kikisahaulika kimevutwa, utakanyaga pedeli na trekta haitasogea, na fundi atakutoza pesa kukirudisha tu mahali pake.

Ule mteremko wa kanisani ulitoka sentimita 31. Sasa naukata kwa mashine ya kubeba begani, inayokata kwa kamba ya plastiki inayozunguka, saa nne umande ukishakauka, na inanichukua dakika 40.