Nafasi utaizoea, foleni hutaizoea: soma hapa kabla hujahama

Kila nikikutana na mtu anayefikiria kuhama swali ni lilelile, je nibaki katikati ya mji kwenye fleti ndogo yenye kelele au nitoke huko viungani nikapate nyumba yenye uwanja na hewa. Mi nimeishi kote kuwili, nilikaa katikati miaka mingi kabla sijawa na watoto, alafu tukahamia pembezoni na familia, alafu watoto walivokua tukarudi tena ndani, kwa hiyo naulizwa sana na naulizwa na watu ambao wako karibu kabisa kusaini mkataba. Jibu langu siku hizi halianzi na nyumba. Linaanza na safari. Niambie kila mtu wa nyumbani kwako asubuhi anaenda wapi na jioni anarudi vipi, hapo ndo tutaongea.

Chumba cha ziada kinakupa raha kubwa mwanzoni, unakizungukia, unapanga upya vitu, unawaita wageni waje walale. Baada ya muda kinajaa maboksi na hukioni tena. Foleni haiko hivo. Leo ni ajali, kesho mvua, keshokutwa barabara imefungwa na hujui kwa nini, kila siku inakuja na sura yake kwa hiyo akili haipati pa kushika ili izoee. Wachumi wawili, Bruno Frey na Alois Stutzer, waliangalia takwimu za miaka mingi za watu wa Ujerumani wakakuta kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini hawaridhiki na maisha yao kama wenzao wa safari fupi, na mshahara au nyumba walivyovipata kwa ajili ya hiyo safari havikulipa hiyo hasara. Yaani mtu anakubali safari ndefu akiamini kuna kitu anapata, na ukipiga hesabu ya maisha yote kitu hicho hakitoshi. Nilipokutana na hayo matokeo niliona kabisa ni mambo ninayoyajua mwilini.

Kwa hiyo acha kuhesabu kilomita, hesabu dakika. Mwanafizikia mmoja wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994, akiendeleza kazi ya Yacov Zahavi, kwamba binadamu kwa wastani wanatumia kama saa moja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi kwa pamoja, na hiyo saa haibadiliki sana, kinachobadilika ni umbali unaoingia ndani yake. Ukitembea kwa mguu kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, nusu saa inakufikisha kilomita 2 na nusu, ndo maana miji mingi ya zamani iliyozungushiwa kuta ilikuwa ya kuikata kwa mguu. Ikaja treni mji ukatanuka, likaja gari ukatanuka zaidi. Mi nimeifanya hiyo kuwa kipimo changu: nusu saa kutoka mlango wa nyumbani mpaka mlango wa kazini, na ndani yake kuna kusubiri na kutafuta parking, sio ule muda ambao simu inakuonyesha saa nne usiku barabara ikiwa tupu. Dakika 45 zinavumilika kama uko kwenye treni umepata siti. Ukivuka saa moja ya kwenda tu, kuna kitu utakikata, na mara nyingi watu wanakata usingizi na wanakata watu wao. Robert Putnam, yule mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba kila dakika 10 zinazoongezeka kwenye safari ya kazini zinaenda na upungufu wa karibu asilimia 10 wa kushiriki mambo ya jamii, iwe vikundi, ibada, mikutano, hata kutembeleana. Sisi tulipokuwa nje marafiki hawakugombana na sisi wala nini, walianza tu kutualika mara chache kwa sababu walijua tutakuja tumechoka na tutaondoka mapema.

Na usimwamini mtu anayekuuzia nyumba kwa ahadi ya barabara mpya. Houston, Texas, waliipanua Katy Freeway mpaka ikafika njia 26 baadhi ya sehemu ukihesabu na barabara za pembeni, kazi ikaisha 2008, na miaka michache baadaye muda wa safari saa za pilikapilika ukawa umepanda tena. Barabara ikipanuka watu wanajenga mbali zaidi kwa sababu sasa panafikika, wakishajenga wanaijaza. Kama mahesabu yako ya kuhama yanategemea barabara ambayo bado haipo, piga mahesabu kana kwamba haitakuja.

Sasa kuna jambo linalonigusa sana, hii imani kwamba mtu aliyefanikiwa lazima aishi nje ya mji. Mvuto huo haukuota wenyewe, ulitengenezwa na ukauzwa. London mwaka 1915 kampuni ya reli ya Metropolitan ilianza kutangaza vitongoji vya kaskazini magharibi kwa jina la Metro-land, na reli hiyohiyo ilikuwa na ardhi kando ya njia zake, kwa hiyo ilikuwa inauza maisha ya bustani na tiketi ya kila siku kwa pamoja. Marekani baada ya vita kuu ya pili serikali iliwasaidia askari waliorudi kupata mikopo ya nyumba kwa sheria ya 1944, na mwaka 1947 William Levitt na ndugu yake na baba yao wakaanza kujenga Levittown nje ya New York, zaidi ya nyumba 17,000 zinazofanana kwa miaka michache tu, wafundi wakihama kutoka nyumba moja hadi nyingine kila kundi na kazi yake. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya barabara kuu, mtandao wa maili 41,000, ambao ni kama kilomita 66,000. Mkopo rahisi, nyumba rahisi, barabara ya bure. Nani angekataa? Lakini weusi walikataliwa, mikataba ya mwanzo ya Levittown iliandika wazi kwamba mtu asiye mzungu asikae kwenye nyumba hizo isipokuwa mtumishi wa ndani, na hilo huwa linarukwa watu wanaposimulia uzuri wa zama zile, mi sitaliruka.

Alafu nenda Paris uone mambo yamegeuka, kule katikati ndo ghali na vitongoji vingi vya nje ndo viliwekewa majengo makubwa ya wenye kipato kidogo, mbali na kazi, na mwaka 2005 hasira ikalipuka huko wiki kadhaa. Na Marekani yenyewe, katikati ya miji palipokimbiwa pakaja kupendwa tena na vijana waliosoma, kodi zikapanda mpaka waliokuwa wamebaki humo siku zote wakasukumwa nje. Kwa hiyo wapi pana hadhi panahama kila kizazi. Ukinunua nyumba ya miaka 30 ya mkopo kwa sababu ya hadhi, hadhi inaweza kuhama kabla hujamaliza kulipa.

2020 ikaja na korona ikawageuza watu tena. Fleti ambayo ilikuwa sehemu ya kulala tu ikawa ofisi, darasa na jela kwa wakati mmoja, na aliyekuwa na kijibustani akaonekana mfalme. Watafiti Arjun Ramani na Nicholas Bloom walieleza jinsi kwenye miji mikubwa ya Marekani watu na thamani ya nyumba vilivyotoka katikati kwenda pembeni ya mji uleule, mji ukabaki kama andazi lenye tundu katikati. Wengi hawakukimbilia mbali, walikwenda tu nje kidogo, kwa sababu walijua kuna siku ofisi itawaita.

Na ofisi imewaita kweli. Hapa ndo nataka usikilize vizuri kama unafanya kazi nyumbani. Watu wengi walihama kwa hesabu ya kwenda kazini siku moja kwa wiki, bosi akasema mbili, alafu tatu, na nyumba iko palepale haisogei. Ruhusa ya kufanya kazi nyumbani kama haijaandikwa kwenye mkataba wako ni hisani, na hisani inaondoka na bosi aliyeitoa. Jiulize kabla hujahama: nikiambiwa wiki ijayo nije siku zote 5, nyumba hii bado naitaka? Kama jibu ni ndiyo, hama kwa amani. Kama unasita, panga kwanza, usinunue.

Watoto. Kila mtu anasema tunahama kwa ajili ya watoto na mi naheshimu hilo kwa sababu ndo lilitutoa hata sisi. Mtoto mdogo pembezoni anafaidi kwa kweli, anakimbia, anachimba, anapiga kelele bila jirani wa chini kugonga dari, na usiku kuna giza la kweli na ukimya. Miaka ile ilikuwa mizuri na nisingeibadilisha. Lakini mtoto akifika miaka 13 au 14 hitaji lake linageuka, anataka kwenda kwa rafiki, mazoezini, maktaba, anataka kwenda mwenyewe, na kama hakuna njia ya watembea kwa miguu wala basi linaloeleweka basi kila anachokitaka lazima kipitie kwa mtu mwenye ufunguo wa gari. Mzazi anakuwa dereva, mtoto anakuwa mzigo wa kubebwa, na wote wawili wanachoka. Tuliporudi ndani binti yetu alianza kwenda mwenyewe sehemu zake na nilimuona anakomaa ndani ya muda mfupi sana, sio kwamba mjini kuna uchawi, ni kwamba alipata njia ya kuchagua.

Upande wa pili ni wazazi wetu na sisi wenyewe tukizeeka. Japani walijenga Tama New Town magharibi ya Tokyo, wakazi wa kwanza waliingia 1971, familia changa zenye watoto, majengo mengi ya mwanzo ya ghorofa 5 bila lifti. Walioingia wakiwa vijana wengi wamezeekea humohumo, na ngazi ambazo hawakuziwazia wakiwa na miaka 30 leo ni kazi ya siku nzima. Kitongoji kinachojengwa kwa mkupuo kinazeeka kwa mkupuo. Kwa hiyo ukienda kuangalia sehemu tafuta wazee, kama huwaoni barabarani kabisa jiulize wako wapi na wanatokaje ndani.

Sisemi mji ni pepo. Katikati kuna kelele zinazoingia mpaka kwenye ndoto, kodi inakula mshahara, hewa chafu, na unaweza kukaa ghorofa moja na mtu miaka bila kujua jina lake. Ukiwa mtu unayehitaji ukimya ili ufanye kazi au upone, viunga vitakufaa kuliko maneno yangu yote haya. Na kuna kitu cha kati ambacho watu wanakisahau, kitongoji chenye katikati yake, kilichoota karibu na stesheni, chenye shule na zahanati na maduka unayofika kwa mguu. Mtafiti wa miji Carlos Moreno wa Paris tangu 2016 anaipigia debe hiyo fikra ya mji wa dakika 15, mahitaji ya kila siku yawe ndani ya dakika 15 kwa mguu au baiskeli, na mi naona hiyo ndo kanuni nzuri ya kuchagulia hata huko nje. Mtaa wa nje wenye hivo vitu unaushinda mtaa wa katikati usio navyo.

Sasa ukishapata nyumba unayoipenda fanya hivi. Usiende kuiangalia Jumapili, Jumapili kila sehemu ni nzuri. Nenda siku ya kazi, amka kama unayeishi pale, toka saa ambayo ungetoka, fika kazini, rudi jioni na begi na uchovu wako, rudia siku ya mvua. Tafuta basi au treni ya mwisho usiku inapita saa ngapi. Andika gharama ya gari la pili kama litahitajika, mafuta, bima, matengenezo, uijumlishe kwenye bei ya nyumba, maana nyumba nyingi za nje zinaonekana za bei rahisi kwa sababu gari limeachwa nje ya hesabu. Kama inawezekana panga eneo hilo mwaka mmoja kabla ya kununua, najua watu wanaona kodi ni hela iliyopotea lakini mwaka wa kupanga ni rahisi kuliko kuuza nyumba kwa haraka.

Na kama mko wawili, kila mmoja aandike peke yake safari za wiki nzima alafu mlinganishe. Mara nyingi utakuta mmoja anapata bustani na mwenzake anapata barabara, mmoja anafanya kazi sebuleni na mwingine anaamka saa kumi alfajiri. Hilo likionekana kwenye karatasi mnaweza kulijadili, mnaweza kusogea karibu na yule mwenye safari ndefu hata kama nyumba itapungua chumba kimoja. Sisi tulipoandika ndo tukaona safari nyingi alikuwa anazibeba mwenzangu, za kazi na za watoto juu yake, na nyumba tuliyotafuta baada ya hapo tuliipimia kuanzia kazini kwake.