Wakala anabuni namba za vituo: tatizo liko kwenye maelezo ya zana

Swali: Nimeunda zana ya kumsaidia wakala wa akili mnemba kutafuta data ya usafiri wa umma iliyo katika muundo wa GTFS (muundo wa pamoja wa faili za vituo na ratiba). Ina kazi mbili, tafuta_kituo na safari_zijazo. Nimeiandikia mwongozo wa kurasa kumi na mbili, lakini wakala bado anabuni namba za vituo, na usiku wa manane anajibu kwamba hakuna basi ilhali yapo. Nirekebishe wapi?

Jibu: Huenda mwongozo huo wakala haujui kabisa. Kwa kawaida anachopewa ni jina la kila kazi, aya yake ya maelezo, na vigezo vyake. Lisiloandikwa hapo atalikisia, kwa hiyo yaliyo muhimu katika kurasa zako yahamishie humo.

Tuanze na namba za kubuni. Kigezo cha stop_id kikielezwa kwa maneno "namba ya kituo" na kuishia hapo, modeli ya lugha inayomwendesha wakala itatunga namba inayoelekea kuwa ya kweli. Andika hivi: "stop_id: nakili kama ilivyo kutoka katika jibu la tafuta_kituo. Usiitunge, na usiweke jina la kituo. Kama huna, ita tafuta_kituo kwanza." Taja pia kwamba ni matini hata ikiwa tarakimu tupu, kwa sababu "0045" ikigeuzwa namba inabaki 45 na haipatikani tena. Ikiwa umeunganisha data ya mashirika mawili, ongeza kiambishi cha shirika, maana stop_id ni ya kipekee ndani ya data ya mchapishaji mmoja tu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Stesheni, yaani kituo kikubwa chenye location_type 1, haina safari zake katika stop_times.txt (faili la nyakati za kila kituo), safari zimefungwa kwenye majukwaa yaliyo chini yake. Wakala akiuliza kwa stop_id ya stesheni atapata orodha tupu. Hili usimwachie yeye: zana yenyewe ikusanye majukwaa yote kwa kutumia parent_station, uga unaotaja stesheni ya kila jukwaa.

Basi la usiku wa manane ni kosa la msimbo, na maelezo mazuri kiasi gani hayataliponya. GTFS inaruhusu saa ipite 24. Safari ya Ijumaa inayofika kituoni 25:35:00 kwa kalenda inafika Jumamosi 01:35, lakini siku yake ya huduma ni Ijumaa. Zana inayochungulia huduma za Jumamosi pekee haiwezi kuiona. Tafuta katika siku ya huduma ya jana pia, pitia calendar_dates.txt, faili la mabadiliko ya siku maalumu (exception_type 2 huondoa huduma siku hiyo, 1 huiongeza), kisha mrudishie wakala tarehe na saa kamili pamoja na tofauti ya ukanda wa saa. Hesabu ya 25:35 asifanye yeye.

Kwa kuwa watumiaji wako wanauliza kwa Kiswahili, ongeza sentensi moja kwenye kigezo cha saa: "Mtumiaji akisema saa mbili asubuhi, tuma 08:00, saa saba usiku, tuma 01:00." Bila hiyo, wa saa mbili asubuhi anaweza kutafutiwa basi la 02:00.

Halafu majibu matupu, ambayo nadhani ndiyo yanayopotosha kuliko yote. Orodha tupu inaweza kumaanisha kituo hakijulikani, au hakuna safari katika muda ulioombwa, au data ya ratiba imepitwa na tarehe. Kwa wakala zote zinasomeka "hakuna basi". Rudisha uga wa hali wenye thamani tofauti kwa kila sababu, na ujumbe unaosema la kufanya: "Kituo hakijulikani. Ita tafuta_kituo kwa jina." "Kosa 404" halimwambii chochote cha kufuata.

Kama unatumia GTFS Realtime (sehemu ya GTFS inayotoa taarifa za muda halisi), kila safari ibebe chanzo (ratiba au muda halisi) na wakati data iliposasishwa. Mwongozo wa utendaji bora wa GTFS Realtime unataka taarifa za safari na za mahali magari yalipo zisizidi sekunde 90. Zikizidi, rudi kwenye ratiba na useme hivyo. Ucheleweshaji wa 0 ni basi linalokwenda na wakati, ila uga usio na thamani ni kukosa taarifa tu. Tofauti hii iandike wazi, la sivyo wakala ataahidi basi ambalo hakuna anayelifuatilia.

Weka pia kikomo, mathalani safari 5 kwa kawaida na 20 zikizidi sana. Kituo chenye shughuli kikirudisha siku nzima kitajaza muktadha wa modeli kwa mistari isiyohitajika.

Kabla ya kubadilisha neno lolote, andaa maswali kama ishirini: majina ya vituo yanayofanana, jina lililokosewa herufi, saa saba usiku, sikukuu, stesheni yenye majukwaa mengi. Badilisha sentensi moja, yapitishe yote, na utazame wakala aliita kazi ipi kwa vigezo gani. Jibu la mwisho linaweza kuwa sahihi kwa bahati. Rekodi ya miito ndiyo itakayokuonyesha namba aliyoibuni.