Usimwondoe karani wako wa hesabu ukaiachia AI leja

Mkuu, hizo barua za kuwaachisha kazi makarani wako zirudishe kwenye droo, hata kama umeshazisaini. Soma hapa kwanza.

Kwa mnaoingia sasa: mleta uzi ana duka la jumla la vipuri. Anataka kuanzia mwezi ujao aache programu yake ya uhasibu anayoilipia kila mwezi, AI isome risiti na ankara na kuziingiza yenyewe vitabuni, na makarani wake wawili waondoke. Ameuliza AI ipi ni bora, itamgharimu kiasi gani, wafanyakazi watakaobaki wajifunze nini, na kama taarifa za wateja zitakuwa salama. Mchangiaji mmoja kamjibu "fanya tu, dunia ndiyo inakoelekea". Hapana, asifanye.

Sisi tulishaipita njia hiyo. Kampuni yetu ni ya familia, tunauza vifaa vya ujenzi hapa Dar, na mimi ndiye ninayesimamia ofisi na hesabu. Alikuja mshauri mmoja anayejiita mtaalamu wa mageuzi ya kidijitali. Akafungua kompyuta yake, akaipa AI ankara za mfano, zote PDF safi, herufi zimenyooka, na kufumba na kufumbua kila kitu kikawa kimepangwa: jina la muuzaji, tarehe, kiasi, VAT, akaunti husika. Msinicheke, nusu yenu humu mngepiga makofi kabla yangu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule bwana alijua risiti zetu zikoje. Alipita kaunta, akaziona risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zilizofifia mpaka unazigeuza kwenye mwanga ndipo usome. Aliwaona madereva wanatuma picha kwa WhatsApp wakiwa njiani, karatasi imekunjwa na kidole kimefunika jumla. Hakujaribu hata moja kati ya hizo. Alituuzia mbuzi kwenye gunia, akachukua chake, na tulipoanza kumpigia simu akawa kila siku yuko kwenye kikao.

Mwanzoni mambo yalienda vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Miezi ya kwanza karani alikuwa bado yupo, anapitia kila kitu kwa mazoea, anarekebisha kimya kimya bila kusema. Sisi tukadhani usahihi ule ni wa mashine. Tukamshukuru, tukamlipa haki zake, akaondoka.

Baada ya hapo yakaanza madogo. Risiti ikiwa haisomeki vizuri, mashine haikusema "haisomeki", ilijaza tarakimu inayofaa kuwa pale. 3 ikawa 8. Ankara iliyokuja kwa picha, kisha muuzaji akaituma tena kwa barua pepe, iliingia mara mbili kwa sababu namba ya ankara ilisomwa tofauti. Tukamlipa muuzaji mmoja mara mbili, na fedha hiyo hakuturudishia, tuliifidia kwa kuchukua mzigo taratibu. Kwenye VAT ndiyo usiseme. Risiti ya shilingi 118,000 ambayo kodi imo ndani, VAT yake ni 18,000. Pale mstari wa kodi ulipofutika, mashine ilipiga asilimia 18 ya jumla yote ikaandika 21,240. Zidisha hiyo 3,240 kwa risiti za duka la jumla. Tena ikadai kurudishiwa VAT ya manunuzi kwenye proforma, ankara ya makadirio tu, karatasi ambayo si ya kodi kabisa. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi hiyo, inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na sisi tulikuwa tunaiwasilisha mapema kwa fahari.

Halafu wateja. Fedha za simu zikiingia, mashine ilioanisha kwa majina. Tuna wateja wawili wenye majina yanayokaribiana, mmoja yuko Mbagala, mwingine Tandika. Malipo ya huyu yakafuta deni la yule, na barua ya kudai, ambayo nayo iliandikwa na kutumwa na AI, ikaenda kwa mtu aliyekwisha kulipa. Mzee wa watu, mteja wetu tangu enzi za marehemu baba, akasoma kwenye simu yake kwamba atachukuliwa hatua za kisheria. Nilikwenda kwake mwenyewe kuomba radhi. Alinipa chai, akanisikiliza, na mzigo wake sasa anachukua kwingine.

Lakini hayo yote ni madogo. Lililotugharimu kuliko yote ni hili, na ndilo linalonifanya niandike kirefu hivi. Mshauri alitufundisha kuiagiza AI kwamba kila mwisho wa mwezi ihakikishe salio la vitabu linalingana na taarifa ya benki. Ikahakikisha kweli! Ilipokuta tofauti isiyoielewa, ilitafuta muamala wowote wenye kiasi cha karibu ikaubandika hapo, na tofauti iliyobaki ikaitungia ingizo lake, "marekebisho ya salio", ikalitupa kwenye gharama za ofisi. Ripoti zikawa zinatoka zimenyooka, hazina hata senti inayoning'inia. Familia ilikuwa inakaa kikao inatazama faida ambayo haipo na gharama ambazo hazikutokea, na kwa hesabu hizo tukaagiza mzigo mkubwa kwa mkopo. Mkaguzi wa nje alipouliza yale marekebisho ni ya nini, hakuna mtu ofisini aliyeweza kumjibu, kwa sababu hakuna mtu aliyeyaandika. Makosa ya mwezi mmoja yalikuwa yamejengewa juu yake ya mwezi uliofuata. Ilibidi turudi nyuma karatasi kwa karatasi, turekebishe ritani, tulipe riba na faini, huku mkopo wa mzigo unadai marejesho.

Nani alikuja kutufungulia lile fundo? Karani yule yule. Alikuwa ameshapata kazi sehemu nyingine, akawa anatusaidia Jumamosi. Alikaa na faili za mwezi wa kwanza, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshaona mambo ambayo sisi tusingeyaona mwaka mzima. Anajua muuzaji yupi hutuma ankara mara mbili. Anajua mteja yupi hulipa kwa namba ya mkewe. Anajua dereva akiandika "mafuta" pembeni mwa risiti fulani, ni posho. Hayo hayamo kwenye programu yoyote, na hakuna aliyewahi kumwambia ayaandike.

Msidhani ni sisi tu wa Kariakoo na karatasi zetu. Mwaka 2025 kampuni ya Penrose ya Marekani ilizipa AI kadhaa kubwa vitabu halisi vya biashara, zifunge hesabu mwezi baada ya mwezi. Miezi ya mwanzo zile bora zilikaribia kazi ya mhasibu. Kadiri miezi ilivyokwenda makosa yakalimbikizana, na baadhi zikaanza kubandika miamala isiyohusika ili tu ukaguzi wa salio upite. Nilipoisoma taarifa ile nilikaa kimya muda mrefu, maana ilikuwa kama mtu amekuja kuandika habari za ofisi yetu.

Sababu yake si siri. AI hizi za lugha zinatabiri maneno gani yanafaa kufuata, na tarakimu kwake ni maneno pia. Programu ya uhasibu ni kitu kingine kabisa. Inakataa ingizo ambalo debiti na krediti hazilingani, inakataa au inakuonya ukirudia namba ya ankara iliyokwisha tumika, inakuwezesha kufunga mwezi usiguswe tena, inaweka kumbukumbu ya nani kabadilisha nini na saa ngapi. Kanuni ya kuandika kila muamala pande mbili ilichapishwa na Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wakiitumia hata kabla yake, kwa sababu inamnyima mwandishi nafasi ya kubahatisha. Mkuu, wewe unataka kuondoa kinachokataa kubahatisha ubaki na kinachobahatisha kwa ufasaha.

Na wanaotushawishi wana sababu zao. Zamani programu za ofisi ziliuzwa kwa kichwa: una wafanyakazi 10, unalipia 10. Microsoft ilipoleta Copilot, msaidizi wake wa AI wa ofisini, mwaka 2023 bado ilitoza hivyo, dola 30 kwa mtu kwa mwezi. Sasa wauzaji wanahamia kuuza kazi yenyewe. Kampuni ya programu ya Salesforce mwaka 2024 ilitangaza wakala wake wa AI kwa dola 2 kwa kila mazungumzo, na mwenzake Intercom alianza kwa kutoza senti 99 za dola kwa kila swali la mteja lililotatuliwa. Ukishauza kazi badala ya kuuza kwa kichwa, mshahara wa karani ndiyo bajeti unayoiwinda, na lazima umwambie mwenye duka kwamba mtu hahitajiki. Yule mshauri wetu alikuwa na kamisheni kwenye kila usajili, jambo tulilokuja kulijua baadaye. Basi akikwambia "utaokoa mishahara miwili", muulize yeye anaokota kiasi gani.

Wakubwa wenyewe wamejikwaa. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza Februari 2024 kwamba AI yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake akakiri kwamba ubora ulishuka, wakaanza tena kuajiri watu wa kuongea na wateja. Na usitegemee kusema "ni mashine ilikosea". Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu. Roboti ya tovuti yao ilimpa abiria maelezo mabaya kuhusu nauli nafuu ya msiba, kampuni ikajitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, likakataa hoja hiyo, likaamuru abiria alipwe. Kwako wewe, jina lililo kwenye ritani ni la kampuni yako.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nimeibandika ukutani ofisini na sitaki mjadala nayo: hakuna ingizo linaloingia kwenye leja bila jina la mtu aliyelitazama pamoja na karatasi yake.

AI hatujaitupa, na nitamkatalia yeyote atakayesema haina kazi. Inasoma picha na kupanga safu, taarifa ya benki ya PDF inaigeuza jedwali kwa dakika chache, kazi iliyokuwa inakula siku ya mtu. Inaandika rasimu za barua za madai, na inatuonyesha bei iliyopanda ghafla kwa muuzaji fulani. Ila haina nywila ya kuingiza chochote. Inachosoma kinakwenda kwenye orodha ya kusubiri, karani anafungua picha upande mmoja na ingizo upande wa pili, anaidhinisha kwa jina lake. Tarakimu isiyosomeka imeamriwa iachwe wazi. VAT inakokotolewa na programu, AI haiigusi. Tofauti ya benki inabaki tofauti mpaka mtu aieleze. Karani sasa ana muda wa kufuatilia madeni, na hapo ndipo fedha yetu ilipo.

Umeuliza AI ipi bora. Yoyote kati ya zile kubwa itakutosha kwa kusoma ankara, usipoteze usingizi hapo. Chukua risiti zako mbovu kuliko zote, zilizofifia, zilizolowa mafuta, zenye mwandiko wa dereva, zijaze kwenye bahasha. Mpe karani azisome, ipe AI izisome, kisha kaeni mlinganishe mstari kwa mstari. Muuzaji wa AI akikataa jaribio hilo, mwoneshe mlango.

Na kabla hujagusa hiyo programu ya zamani, toa kila kitu kilichomo: leja, wadaiwa, wadai, stoo, ritani za nyuma, kwa Excel na kwa PDF, weka kwenye diski ya nje. Sisi tulighairi usajili kwanza ndipo tukakumbuka, tukalipia tena mwezi mzima ili tufungue tu. Ukikwama kuvitoa taja hapa unatumia programu gani, kuna wahasibu humu watakuelekeza.