Maswali na Majibu: Hulka ya kuzaliwa, furaha na uamuzi wa kubadili kazi

SWALI: Mimi ni mchambuzi wa mikopo katika benki moja mjini Dodoma, nina umri wa miaka 31. Tangu utotoni ni mkimya na mwepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na mama yangu yuko hivyo hivyo. Mkuu wangu sasa anataka nihamie mauzo niwe meneja mahusiano, kazi ya kutafuta wateja wakubwa na kukutana nao kila siku, kwa mshahara mzuri zaidi. Kwenye semina ya kanisani tulijaza dodoso la hulka, nikaambiwa mimi ni melankoli, yaani mtu wa huzuni na mawazo mengi, mojawapo ya aina nne za hulka, na kwamba watu wa aina yangu hawafai kazi za watu. Pia nimesoma kwamba asilimia 50 ya furaha ya mtu imeamuliwa na jeni. Je, ina maana nusu ya furaha yangu haitabadilika popote nitakapokwenda? Na je, nikubali nafasi hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hiyo asilimia 50, kwa kuwa naona ndiyo inayokutisha kuliko mengine yote. Takwimu hiyo ilienea kupitia makala ya mwaka 2005 ya Sonja Lyubomirsky, Kennon Sheldon na David Schkade, walioeleza kuwa tofauti za furaha baina ya watu zinatokana na jeni kwa asilimia 50, na hali za maisha kwa asilimia 10, na yale ambayo mtu huyafanya kwa hiari yake kwa asilimia 40. Hesabu hiyo inahusu jinsi watu wengi wanavyotofautiana wao kwa wao, wala haigawi furaha iliyomo ndani ya mtu mmoja. Watafiti hulinganisha pacha wanaofanana kabisa, ambao jeni zao ni zile zile, na pacha wasiofanana, ambao kijeni hawakaribiani zaidi kuliko ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Wale wa kwanza wakionekana kukaribiana zaidi katika kuridhika na maisha, ziada hiyo huhesabiwa kuwa ya urithi. Jibu linalopatikana ni la kundi hilo, katika mazingira hayo na wakati huo. Kuuliza ni nusu ipi ya furaha yako iliyoletwa na jeni ni sawa na kuuliza ni sehemu ipi ya wali iliyoivishwa na maji na ipi iliyoivishwa na moto.

Tena, jambo linaweza kurithiwa kwa kiwango kikubwa na bado likabadilika sana. Katika nchi zenye lishe nzuri, takriban asilimia 80 ya tofauti za kimo baina ya watu zinatokana na jeni. Hata hivyo wanawake wa Korea Kusini wameongezeka kimo kwa wastani wa sentimita 20 hivi katika karne moja, bila ya jeni zao kubadilika. Nautaja mfano wa kimo kwa makusudi, kwa sababu David Lykken na Auke Tellegen walipochapisha uchunguzi wao wa pacha wa Minnesota mwaka 1996, waliandika kwamba kujaribu kuwa na furaha zaidi huenda ni kazi bure sawa na kujaribu kuwa mrefu zaidi. Lykken mwenyewe aliiacha kauli hiyo baadaye. Kwa upande wa pili, Sheldon na Lyubomirsky nao walikuja kukubali kuwa ile asilimia 40 waliyoipa hiari ya mtu huenda ilikuwa kubwa mno.

Pamoja na hayo, hulka ya kuzaliwa ipo, na sitaki uondoke hapa ukidhani ni hadithi. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha na kuwasikilizisha vitu vigeni, akakuta kuwa kama mtoto mmoja kati ya watano hurusha miguu, hukakamaa na kulia, ilhali wengine hutazama tu kwa utulivu. Wale wa kundi la kwanza walielekea zaidi kuwa watoto waangalifu na wenye haya. Lakini wengi wao hawakuishia kuwa waoga kupindukia, ingawa ni wachache sana waliogeuka kuwa wachangamfu wasiojali chochote. Hivyo ndivyo hulka inavyofanya kazi kwa jumla: inapunguza uwezekano wa kufika baadhi ya mahali, bila ya kukuchagulia mahali pamoja pa kuishi.

Sasa nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo katika barua yako umeyafunga pamoja, yaani ukimya na wasiwasi. Katika vipimo vya haiba vinavyotumiwa na watafiti leo, uchangamfu ni sifa moja na wepesi wa kupata wasiwasi na huzuni ni sifa nyingine kabisa; yuko mkimya aliyetulia kama maji ya mtungi, na yuko mzungumzaji ambaye halali usiku kwa hofu. Kutokuridhika na maisha kunafungamana zaidi na wasiwasi kuliko na ukimya. Na wasiwasi ndio unaokubali kupunguzwa: uchambuzi wa mwaka 2017 ulioongozwa na Brent Roberts, uliojumlisha tafiti zaidi ya 200, ulionyesha kuwa tiba ya kisaikolojia huleta badiliko la haiba linalopimika ndani ya miezi michache, na sifa iliyobadilika zaidi ni hiyo hiyo ya wasiwasi. Kwa hiyo ikiwa unakosa usingizi, moyo unakwenda mbio kabla ya kila kikao, au umeanza kukwepa simu za kazini, usiyaite hayo hulka ya mama. Muone mwanasaikolojia au daktari kabla ya kuamua lolote kuhusu mauzo, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi usiotibiwa huikimbia kazi nzuri na mbaya kwa kasi ile ile.

Kuhusu dodoso la semina sitakaa sana. Aina nne za hulka zilitokana na nadharia ya Wayunani ya majimaji manne ya mwili, iliyoendelezwa na Galen katika karne ya pili. Watu wa pwani yetu waliipokea kupitia tiba ya Kiarabu, na wazee wanaozungumzia safura (nyongo) na belghamu (makohozi) bado wanaibeba kwa namna yake. Inaburudisha, na pengine inasaidia watu kusema mambo wasiyozoea kuyasema. Lakini haiba haijagawanyika katika mafungu manne. Watu wengi wako katikati ya kila sifa. Hata vipimo bora zaidi vina mipaka yake: mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake waliripoti kuwa mpangilio wa sifa kuu tano za haiba, ambao ndio msingi wa vipimo hivyo na uliothibitishwa zaidi kwa watu wa mijini na waliosoma, haukujitokeza sawasawa kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia. Hakuna dodoso lililo na haki ya kukuambia kuwa hufai.

Je, mkimya anaweza kuuza? Murray Barrick na Michael Mount, katika uchambuzi wao wa mwaka 1991, walikuta kuwa uchangamfu unasaidia kiasi katika mauzo na uongozi, lakini sifa iliyotabiri utendaji katika kila aina ya kazi waliyoichunguza ni umakini na bidii. Mwaka 2013 Adam Grant aliwafuatilia wauzaji 340 wanaofanya kazi kwa simu, na walioingiza fedha nyingi zaidi ni wale wa katikati, waliowashinda wakimya na wachangamfu kupindukia pia. Kwa mtazamo wangu, uwezo si hoja kubwa kwako. Hoja ni gharama. Watafiti wa Australia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, waliwataka watu wajiendeshe kama wachangamfu kwa wiki moja. Kwa wastani walijisikia vizuri zaidi, lakini waliokuwa wakimya kwa asili walinufaika kidogo, wakachoka zaidi, na wakajiona si wao wenyewe. Kuvaa uchangamfu kwa saa mbili mbele ya mteja ni sehemu ya kazi. Kuuvaa tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka ni jambo jingine.

Ndiyo maana jina la cheo halikusaidii kuamua. Ushahidi wenyewe unaonyesha kuwa kulingana kwa aina ya mtu na aina ya kazi, kwa mtindo wa mwanasaikolojia John Holland aliyegawa watu na kazi katika makundi sita, kunahusiana na kuridhika kazini kwa kiwango kidogo tu. Yaliyoelezwa na watafiti wa kazi Hackman na Oldham mwaka 1976 yana uzito zaidi: kama kazi ina mambo mbalimbali, kama unaiona tangu mwanzo hadi mwisho, kama ina maana kwa wengine, kama una uhuru wa kuipanga, na kama unapata kujua umefanya vizuri au vibaya. Muombe meneja mahusiano mmoja akuonyeshe ratiba yake ya wiki iliyopita, si ya wiki nzuri. Ni saa ngapi alikuwa na wageni wasiomjua, na ngapi na wateja anaowafahamu? Nani huandaa mchanganuo wa mkopo? Wakimya wengi hawasumbuliwi na watu. Wanasumbuliwa na watu wapya, mfululizo, bila ya kupumua.

Hapo ndipo nguvu zako zinapoingia. Mwaka 2004 Christopher Peterson na Martin Seligman walipendekeza orodha ya nguvu 24 za tabia, na jaribio la mwaka uliofuata lilionyesha kuwa watu waliotumia nguvu zao kuu kwa namna mpya kila siku, kwa wiki moja, waliripoti furaha zaidi hata miezi sita baadaye. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo ya wastani zaidi, lakini mwelekeo umebaki. Mtu aliyezoea kusoma hesabu za mkopaji na kunusa mikopo chechefu kabla haijachechemea ana kitu ambacho mteja mkubwa hukithamini kuliko bashasha: anamwambia ukweli kuhusu biashara yake.

Siwezi kupuuza mshahara, maana kwetu mshahara mmoja husomesha wadogo na kutibu wazazi, na ushauri wa kufuata hulka peke yake hutolewa kwa wepesi na wasio na wategemezi. Kwa hiyo nisingekataa moja kwa moja. Omba kukaimu nafasi hiyo kwa miezi sita, nafasi yako ya sasa ikiwa imehifadhiwa kwa maandishi, na uombe uanze na wateja ambao tayari wana mikopo uliyoichambua. Mwezi wa kwanza usiuhesabu, kwa kuwa karibu kila mtu huchoka kwenye kazi mpya. Kuanzia mwezi wa tatu, angalia jioni zako za Jumapili na za siku za kazi: kama bado una nguvu ya kuzungumza na watu wa nyumbani, baki. Mkuu wako akikataa kabisa kukaimisha na kutaka jibu la papo kwa hapo, muulize ni kwa nini mtangulizi aliondoka, na uamue baada ya kulisikia jibu lake.